Chungu cha Kamatanda na Meza ya Ubelgiji

Yeyote atakayeitafuta Kamatanda katika vitabu vya wasafiri atachoka bure. Mahali hapa, karibu na mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, pajulikana kwa mambo mawili tu: reli na madini. Udongo wake ni mwekundu, ndani yake mna shaba na kobalti, na wachimbaji wadogo huonekana asubuhi wakienda mashimoni na sururu begani. Hakuna ziwa la kutazamwa wala mlima wenye theluji. Walakini mimi niliyelelewa hapa nataka kuwatembezeni leo, wala hatutaifuata reli wala njia ya mgodi, bali tutakifuata chungu. Maana nimeona kwamba mtu akitaka kuijua nchi yake barabara, na aulize kila kinachoingia chunguni kimetoka wapi, na ni nani aliyejua kukitafuta.

Swali hilo nililipata mbali sana na kwetu, katika nchi ya Ubelgiji, nilikokaa miaka miwili, tangu 2014 hata 2016, nikijifunza elimu ya malezi na ufundishaji.

Mji wa wanafunzi

Mji niliokaa waitwa Louvain-la-Neuve, yaani Louvain Mpya. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilianzishwa mwaka wa 1425 katika mji wa zamani, ule ambao wenyeji wenye kusema Kiflemi huuita Leuven. Mwaka wa 1968, baada ya ugomvi mkubwa wa lugha, iliamuliwa kwamba wale wanaofundisha na kufundishwa kwa Kifaransa wahame. Basi wakajengewa mji mpya katikati ya mashamba. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka wa 1971, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka wa 1972. Katikati ya mji huo ni jambo la ajabu kwa mgeni: motokari hupita chini, na watu hutembea juu yake kwa miguu, kana kwamba mji wote umejengwa juu ya daraja.

Wanafunzi hukaa katika nyumba ambazo Wabelgiji huziita *kot*. Kila mmoja ana chumba chake kidogo, lakini jiko ni moja kwa wote. Sisi tulikuwa wanane. Wahenga husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilipewa kisu cha kumenyea viazi. Ama kweli, viazi ndivyo ukuta na nguzo ya chakula chao. Huvikaanga, huvichemsha, na wakati wa baridi huviponda pamoja na karoti au kabichi, wakakiita chakula hicho *stoemp*. Nilipokionja mara ya kwanza, mkono wangu wa kuume ulitaka wenyewe kukifinyanga tonge. Nilikila kwa shukrani, na hata leo nikikikumbuka nasikia raha.

Mmoja wa wenzangu alikuwa mwanafunzi wa kilimo, mtoto wa wakulima wa Ardennes, nchi ya vilima na misitu. Kila alipotoka kwao siku za likizo alileta siagi na jibini, naye aliweza kusema jibini hii imetoka kijiji gani, na ng'ombe wake walikula majani ya bonde gani. Jioni moja nilipikia wenzangu bukari, yaani ugali kama tuuitavyo Katanga. Alipokwisha kula akaniuliza, bila mzaha wala dharau: "Na unga wa chakula chenu hiki, kwenu Kamatanda hutoka kijiji gani?"

Nikamjibu: "Mara nyingi hutoka nchi nyingine. Hutoka Zambia." Akashangaa, nikaanza kumweleza.

Unga uliokuja kwa gari la moshi

Nasi tuyakumbuke maelezo yale, kwa sababu watoto wengi wa kwetu hudhani kwamba bukari ya mahindi meupe imekuwako tangu mababu. Sivyo. Mahindi yenyewe asili yake ni Amerika, yakaletwa Afrika na Wareno. Mababu zetu wa Katanga walikula hasa mtama, uwele na mihogo.

Kisha ikaja shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka wa 1906. Reli iliyotoka kusini, katika nchi iliyoitwa Rhodesia, ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka wa 1910. Na mwaka wa 1913 ikafika Kambove, upande wetu huu wa Likasi. Wafanya kazi waliletwa kutoka mbali, nao hawakuwa na mashamba. Ilibidi walishwe. Kampuni ikawagawia posho, na katika posho hiyo unga wa mahindi ulikuwa wa kwanza, mwingi wake ukiletwa na reli ile ile. Baba alileta posho nyumbani, mama akaisonga, watoto wakakua nayo. Hivyo chakula cha kambi kikawa chakula cha ukoo, na leo mtu wa Likasi asiyekula bukari husema kwamba hajala kitu siku hiyo.

Kampuni ile imekwisha kuondoka. Mwaka wa 1967 migodi yake ilitwaliwa na serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mji wetu nao, uliokuwa ukiitwa Jadotville, ulirudishiwa jina la Likasi mwaka wa 1966. Lakini njia ya unga haikubadilika sana. Tarehe 29 Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza kwamba ukame umekuwa msiba wa taifa. Sisi tulio ng'ambo ya mpaka hatukuhitaji redio ili kupata habari hiyo. Tuliisikia katika bei ya unga sokoni.

Kumbe basi, chakula tunachokiita chetu kuliko vyote kimekuja kwa reli! Sisemi hivyo ili nikitukane. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ni wa nyumba hiyo. Lakini yafaa kuuliza pia: ni vyakula gani ambavyo havikuletwa na reli, ambavyo nchi yenyewe ilitupa?

Munkoyo na bia ya Wabelgiji

Cha kwanza nilichokitamani sana huko Ulaya kilikuwa kinywaji: munkoyo. Kwa msomaji asiyeujua, munkoyo hutengenezwa hivi. Uji wa mahindi hupikwa hata ukaiva vizuri, kisha huachwa upoe mpaka uwe vuguvugu. Mizizi ya munkoyo, iliyochimbwa porini na kupondwapondwa hata ikawa kama nyuzi, hutiwa humo. Baada ya muda uji mzito hulegea ukawa mwepesi kama maji. Kesho yake ni mtamu, na watoto huunywa. Kesho kutwa huuma ulimi kidogo, nao wazee husema sasa ndipo umekomaa.

Nilipomweleza yule rafiki wa kilimo, alicheka kwa furaha. Akasema kwamba ndiyo kazi ya shayiri iliyochipushwa, ile ambayo Wabelgiji huitumia katika bia yao. Ndani ya shayiri iliyochipua mna vimeng'enya vinavyoivunja wanga ikawa sukari. Na ndani ya mzizi wa munkoyo mna vimeng'enya vya kazi hiyo hiyo. Wataalamu wameuchunguza mzizi huo na kulithibitisha jambo hilo. Basi mwanamke wa Katanga aliyeponda mizizi juu ya jiwe, na mtawa wa Ubelgiji aliyepika bia katika monasteri yake, walikuwa wanafanya elimu moja, kila mmoja kwa kitu alichopewa na nchi yake.

Mwisho wa mwaka wa 2016, shirika la UNESCO liliuandika utamaduni wa bia ya Ubelgiji katika orodha ya urithi wa wanadamu. Niliwafurahia rafiki zangu. Tena nikajiuliza ni nani kwetu aliyepata kuuandika munkoyo, hata katika daftari la shule.

Kikapu cha nkambo

Aliyejua mambo hayo nyumbani kwetu alikuwa nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi. Hakusoma shule, lakini mwaka mzima ulikuwa wazi mbele yake kama kitabu cha sala mbele ya padre. Mwisho wa kiangazi, mvua za kwanza zilipokaribia, alijua vilima vyenye masuku. Masuku ni matunda ya mviringo, rangi ya kahawia, ngozi yake ngumu na ndani yake tamu kama asali. Hakuturuhusu kuyaangua mtini. "Linaloanguka ndilo letu," alisema, "lililo juu bado ni la mti." Tulikuwa tukiinama chini ya miti na kuokota, na anayekula zaidi ya anachotia kikapuni alijulikana kwa midomo yake.

Mvua zilipokolea alitupeleka kwenye uyoga, au bowa kama tusemavyo kwetu. Uko uyoga mdogo wa manjano, uko mwekundu, tena uko ule mkubwa unaoota juu ya vichuguu, ambao kofia yake yaweza kuwa pana karibu mita moja, hata mtoto akajikinga mvua kwayo. Lakini uko pia unaoua, nao hufanana na ule unaoliwa kama pacha na pacha. Nkambo aliutambua kwa mti unaoota chini yake, kwa harufu, na kwa shina lake lilipovunjwa. Hakupata kukosea hata siku moja, nasi sote tu hai.

Tena alitupikia chikanda. Hicho hutengenezwa kwa viazi vidogo vya maua ya porini ya jamii ya okidi. Huanikwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga na magadi, kisha hupikwa hata ikawa kitu cha kukatwa kwa kisu kama mkate. Wengi huila wakidhani ni nyama.

Nkambo alifariki mwezi wa Novemba 2015, wakati wa masuku. Habari ilinifikia usiku kwa simu. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, na mitihani ilikuwa karibu. Kwetu, mtu akifiwa, majirani huja na unga na kuni, hukaa naye mkekani, wala hawamwachi peke yake. Mimi niliketi katika chumba changu kidogo, mvua ya Ulaya ikipiga dirisha, nikadhani kwamba nitaomboleza peke yangu.

La, haikuwa hivyo. Kesho yake jioni wanafunzi wenzangu wa Kiafrika walibisha hodi. Wawili walikuwa wametoka Brussels, katika mtaa wa Matonge ulioko Ixelles, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, ambako maduka huuza majani ya mihogo, samaki wakavu, mafuta ya mawese, hata viwavi. Unga wa mahindi meupe hawakuupata. Wakasonga semolina ya ngano. Wa Bukavu aliuita ugali, wa Kinshasa akauita fufu, mimi nikauita bukari. Majani yale nayo yalikuwa sombe kwangu na pondu kwa mwenzangu. "Pole, ndugu yetu," walisema, "leo tu ukoo wako." Yule Mbelgiji wa Ardennes aliketi nasi, akala kwa mkono, kisha akaosha vyombo vyote bila kuambiwa. Kwa ladha haikuwa bukari hasa, lakini kwa maana yake sijala bukari kuzidi ile.

Usiku ule nilifahamu kwamba vipo vitu viwili katika chakula cha utoto. Kimoja husafiri: upendo wa kula pamoja. Huo waweza kuusonga hata kwa ngano. Cha pili hakisafiri: ujuzi wa mahali. Hakuna duka la Matonge liwezalo kuuza alichokijua nkambo. Nilipomwuliza mama kwa simu ni nani sasa ajuaye uyoga wa kilima kile, alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Mimi najua nusu. Shangazi yako ajua robo."

Kilichobaki vilimani

Nilirudi mwaka wa 2016, na tangu hapo nafundisha. Vilima ni vile vile, lakini msitu umesogea mbali. Sababu yake ni makaa ya kuni, ambayo kwetu huitwa makala. Katika mto Lufira kuna mabwawa ya umeme, la Mwadingusha lililoanza kazi mwaka wa 1930, na la Koni la mwaka wa 1950. Yalijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na viwanda, na mpaka leo nyumba nyingi hupika kwa makala. Mama anayenunua makala si mwovu. Watoto wake wana njaa. Lakini tujue pia kinachokwenda pamoja na mti. Uyoga mwingi wa msitu wetu huishi umefungamana na mizizi ya miti. Mti na uyoga hulishana chini ya ardhi. Mti ukikatwa, uyoga wake hauonekani tena, hata mvua inyeshe namna gani. Masuku sasa huletwa sokoni kutoka mbali. Na chikanda ni taabu zaidi: anayechimba kiazi huliua ua lenyewe, na wanunuzi wa Zambia nao huitaka.

Liko jambo jingine la kusema waziwazi. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watu 351 wa Katanga. Waliona kwamba wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi mwilini kuliko wanaokaa mbali, na watoto hasa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba vumbi na chakula ni miongoni mwa njia za kuingia kwake. Basi kuuliza sombe hii imelimwa wapi, na samaki huyu amevuliwa katika maji gani, si udadisi wa wanachuo. Ni ulinzi wa watoto wetu. Nkambo aliuliza uyoga umeota chini ya mti gani. Sisi sharti tuulize pia mboga imeota karibu na kiwanda gani.

Neno kwa wazazi na wanafunzi

Sipendi kulia tu juu ya yaliyopita. Mambo matatu yako katika uwezo wetu.

La kwanza, miti ya msitu wetu haifi kwa kukatwa tu. Visiki vingi huchipua tena, vikiachwa vipumzike na moto ukizuiwa. Panapo shule yenye kipande cha ardhi chenye visiki, wanafunzi wanaweza kufyeka njia ya kuzuia moto kila kiangazi. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji majembe, na mwalimu anayeamka mapema.

La pili, kila mwanafunzi awe na daftari moja la mambo ya nkambo. Aandike jina la mmea katika lugha ya nyumbani, msimu wake, mahali pake, na jinsi unavyopikwa. Katika darasa langu tumeanza, na baadhi ya wazee waliokuwa wakikaa kimya siku nzima sasa wana wageni kila Jumamosi. Lakini kwa habari ya uyoga nawaonya: daftari halitoshi. Uyoga hufundishwa kwa macho na pua, na mzee akiwa karibu nawe. Usile ulichokisoma tu.

La tatu ni kwenu mnaosomesha watoto mbali, Lubumbashi, Kinshasa au ng'ambo ya bahari. Msifungashe unga na samaki tu katika sanduku lao. Kabla hawajaondoka, wapelekeni porini wakaone vinatoka wapi. Wahenga husema mwacha asili ni mtumwa; nami naongeza kwamba asiyeijua asili yake hata hana cha kuacha.

Mvua zi karibu. Zitakapoanguka za kwanza, masuku yataanza kudondoka katika vilima vilivyosalia. Nendeni na kikapu, nendeni na daftari, na mbele yenu atangulie nkambo, angali ana nguvu za kutembea.